Chupa Nne Zilizolala

Juzi hapa Kindu mtoto wa dada yangu alinifungulia bia iliyoshuka kwenye treni. Ikalia paa! Povu likammwagikia vidoleni, nami nikacheka peke yangu kama kichaa. Ngoja nikuambie kwa nini.

Wakati wa vita treni haikufika, na bia ya kiwanda tulikuwa tunaisikia tu. Ndipo mama mdogo akapata mchumba. Wakwe wa Kibombo wakatoa neno: "Siku ya ndoa, pombe ya kibuyu hatutaki. Bila chupa, tunarudi kwetu." Ee, watu wale! Koko, mama wa mama yangu, akajibu tu, "Mutakunywa mupaka musahau njia."

Akaotesha mahindi, akayakausha, akayakaanga hadi yakawa meusi. Mtaa mzima ulinukia! Pombe ikachacha mtungini siku nyingi, ikinung'unika, nami nikitega sikio hapo kila nikirudi kuchota maji. Iliponyamaza, jirani yetu, mzee wa reli kutoka Kasai, akatufundisha: chupa ishirini, kijiko cha sukari katika kila moja, kizibo, waya, kisha unazizika kwenye mchanga wa mto Lualaba uliolowa, majuma mawili. Sukari ndiyo inayoamsha povu.

Kazi ya sukari nikapewa mimi. Jamani, mwaka mzima sijaonja sukari! Vijiko vinne viliishia mdomoni mwangu.

Siku ya ndoa ikafika. Koko akafungua chupa ya kwanza mbele ya wakwe. Kimya. Pombe imelala, hata povu moja hakuna. Mkwe mkubwa akakunja uso, mama mdogo akashika kitenge chake kwa mikono miwili. Koko akainywa mwenyewe, polepole, akalamba midomo. "Hii iko ya wazee. Ndiyo ile minapenda." Akafungua nyingine: paa! Povu mpaka kwenye kofia ya mkwe! Vigelegele vikapasuka, nami nikaruka huku nalia kwa furaha. Kila iliyolala, koko aliivuta kwake.

Jioni akaniita pembeni. "Ile sukari ilikuwa tamu?"

"Tamu, koko."

"Basi, iko muzuri."

Leo koko hayupo, mzee wa reli hayupo, na chupa zote zinatoa povu sawasawa. Nikamwambia yule kijana, "Nitafutie moja iliyolala."

Akashangaa. "Mama mukubwa, ile imeharibika. Nani anaweza kuinywa?"