Wavulana Kutupa, Wasichana Kuanguka

Mkufunzi wetu wa michezo aligawanya darasa la judo siku ya kwanza kabisa. Wavulana wangejifunza kutupa, wasichana wangejifunza kuanguka. Alisema hivyo kwa upole, kana kwamba anatupunguzia kazi. Chuo chetu cha ualimu kilikuwa nje kidogo ya mji wa Kakamega, na mikeka yetu ilikuwa magunia yaliyojazwa makapi ya miwa kutoka kiwandani. Mvua ikinyesha yalinuka pombe ya busaa.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, na sisi tutatupa lini?"

"Mwanamke akijua kuanguka bila kuumia, inamtosha."

"Kule kwetu kwenye miwa, kuanguka ndio wanaume wanatakanga."

Darasa zima lilicheka. Mimi sikuwa nachekesha. Miaka hiyo miwa ilikuwa pesa, na kila mtu aliipanda mpaka mlangoni. Baba aling'oa migomba, akang'oa viazi, akapanda miwa hadi ukingoni mwa njia ya shule. Ikikomaa, ile njia inakuwa uchochoro. Ukishikwa humo hakuna wa kukuona. Mdogo wangu wa kike alishikwa. Alipiga kelele mpaka wakata miwa wakaja mbio na yule mwanamume akatoroka, lakini shule hakutaka tena kuisikia. Nilikuwa na hasira isiyo na pa kwenda. Judo ilipotajwa nilijua ninachotaka, na hakikuwa kuanguka.

Nikaanguka, nifanyeje? Tena nilianguka vizuri kuliko wote: kidevu kifuani, mkono unapiga gunia, pumzi nje. Basi kila mara mkufunzi alipotaka kuwaonyesha wavulana mtupo mpya, aliniita mimi. Anavuta mkono wa koti langu, anageuka, nyonga inaingia chini ya tumbo langu, nami niko hewani nikitazama mabati. Wenzangu walinionea huruma. Huruma yao ilinichosha kuliko magunia.

Siku ya mtihani nilipangwa na kijana wa Lumakanda, mrefu, mabega yake yanajaza mlango. Alinitupa, nikaanguka safi, mkufunzi akatuandikia alama sote wawili.

"Asante. Rudi ukae."

"Bado sijatupa, Mwalimu."

"Wewe msichana, kaa chini."

Sikukaa. Nilirudi katikati ya magunia nikakaza mkanda wa koti. Yule kijana akaona hapa pana kichekesho cha bure. Akarudi mbele yangu akiwakonyeza wenzake.

"Mwache ajaribu, Mwalimu. Huyu hata mguu wangu hawezi kuinua."

Nilimvuta mkono wa koti kabla hajamaliza kucheka. Nikageuka, nikakunja magoti kidogo, nikaingiza nyonga chini yake. Uzito wake ukapita juu ya mgongo wangu kana kwamba si uzito. Akatua kwa mgongo, mzima mzima, kama gunia la mahindi linaloshushwa lorini, kwa sababu wavulana hakuna aliyewahi kuwafundisha kuanguka. Akabaki pale anatafuta pumzi. Furaha niliyoisikia siku ile sijaisikia tena, hata siku ya harusi yangu.

Mkufunzi alinijia. "Nani alikufundisha hii?"

"Ni wewe, Mwalimu. Muhula mzima umekuwa ukinitupanga. Ulidhani nilikuwa nafunga macho?"

Alama ya kutupa hakunipa, nami sikuiomba. Ila nyuma yangu wasichana walikuwa wameshasimama wanakunja mikono ya makoti yao, na mtihani ule ulikwisha kengele ya chakula ikiwa imelia zamani.

Shule ya kwanza niliyopelekwa kufundisha ilikuwa imezungukwa na miwa pande zote. Kipindi changu cha kwanza cha michezo niliwatoa wasichana wa darasa la saba nje, tukatandika magunia nyuma ya jiko. Mmoja aliniuliza kama tutaanza na kuanguka. Nikamwambia hiyo tutajifunza siku nyingine.