Bei ya Kompyuta ya Umuro

Mume wangu hakuiba kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa, na linasemwa na watu waliokula nyumbani kwangu. Wiki tuliyomzika, wanawake wawili waliokuja kunipa pole walikaa kwenye mkeka wangu wakanong'onezana kwamba marehemu alikuwa mtu mwema, ila ile mashine ya michezo ilitoka kwa Wazungu wa mradi wa maji kupitia dirishani. Sikuwajibu. Nilikuwa na msiba. Sasa umepita mwaka, kalamu ninayo, na nimefundisha hesabu katika mji huu wa Isiolo kwa miaka kumi na tisa. Najua kulipanga jambo kutoka mwanzo hadi kwenye jibu.

Umuro alizaliwa Korbesa. Baba yake alikuwa dalali wa mifugo Merti, yaani mtu wa kusimama kati ya muuzaji na mnunuzi. Kwa wasiojua desturi ile, bei haitajwi kwa mdomo. Wawili wanafunika mikono yao kwa shuka, wanashikana vidole, na kila mshiko una thamani yake. Waliosimama kando wanaona nyuso tu. Wakikubaliana wanaachiana mikono, na bei inabaki yao wawili. Ukiitangaza baadaye umemvunjia mwenzako heshima na kumharibia soko lake la kesho. Umuro alilelewa katika adabu hiyo. Hata bei ya mbuzi wa Idi hakuwahi kuniambia, nami nilikuwa mkewe.

Ufundi wa redio alijifunzia Nairobi, miaka sita chini ya fundi mmoja Mhindi aliyempiga vidole kwa bisibisi kila alipolehemu vibaya. Mwaka wa 1974 alirudi akafungua kibanda nyuma ya msikiti. Wachungaji walimletea redio kutoka Oldonyiro zikiwa zimefungwa kwenye ngozi, zimejaa vumbi kama magunia. Nyingi alizisafisha tu, akazirudisha, akatoza pesa ya kusafisha. Hilo ndilo lililompa jina. Mtu angeweza kumwachia redio na kwenda mwezi mzima malishoni bila wasiwasi kwamba atakuta imeng'olewa matumbo.

Kitu kilichomkera kilikuwa bei za vipuri. Bwana Githinji, mwenye duka la umeme kwenye barabara kuu, alikuwa akiuza kapasita kwa shilingi kumi na mbili, na Nairobi ilikuwa tatu. Umuro alikwenda akamwambia mbele ya wateja.

"Nauli je?" Githinji akamuuliza. "Na miezi ambayo kitu kinakaa kwenye rafu bila kuangaliwa na mtu? Au unadhani rafu inakula bure?"

"Nimeshaihesabu rafu yako," Umuro akasema. "Saba ni haki. Kumi na mbili ni kiburi."

Watu walicheka, na Githinji hakusahau. Hata hivyo sitamfanya adui. Alikuwa mfanyabiashara kama wengine, na mbele ya safari hii mtaona alivyofanya.

Mwaka wa 1985 Umuro alikwenda Nairobi kununua vipuri, akaona kwenye dirisha la duka kompyuta ndogo ya nyumbani, ya kuunganishwa na televisheni, inayocheza michezo. Bei yake ilikuwa shilingi elfu nane. Aliomba kuiona kwa ndani. Muuzaji alimtazama viatu, akamwambia kwamba ndani yake hamna nyama. Umuro hakukasirika. Alisimama pale dirishani, kwa maelezo yake mwenyewe, kama baba yake alivyosimama mbele ya ng'ombe aliyenoneshwa kwa maji ya chumvi asubuhi ya mnada, akaigawa mashine ile kwa macho: kasha, vitufe, kibao cha saketi, transfoma, vipande vya kumbukumbu. Aliporudi nyumbani aliniambia, "Mama Abiba, ile mashine ni elfu mbili. Sita zilizobaki ni kioo cha dirisha."

Nilimwambia kwamba maneno hayagharimu kitu. Akasema basi ataijenga.

Nusu ya kwanza aliipata hapa hapa. Mhandisi mmoja wa mradi wa maji alikuwa amerudi kwao, akamwachia mpishi wake, Mturkana aitwaye Lowoi, barua iliyosema kwamba vitu vyote vilivyobaki jikoni na chumba cha nyuma ni vyake. Kati ya vitu hivyo kulikuwa na kompyuta ya aina ile ile, imekufa. Umeme wa jenereta uliipiga, vitufe vikayeyuka, kasha likapasuka. Lowoi siku zake za mapumziko alikuwa mchuuzi wa mbuzi, kwa hiyo alipokutana na Umuro mnadani hawakuhitaji kufundishana. Lowoi alikubali ifunguliwe kwanza, Umuro akapima kila mguu wa kibao kwa mita yake huku watu wakidhani ni bomu. Kisha wakafunika mikono kwa shuka, saa nne asubuhi, mbele ya mnada mzima. Hakuna risiti. Nani anaandika risiti ya kitu kilichouzwa chini ya shuka?

Vipande vinane vya kumbukumbu vilikuwa vimeungua, na vile havikupatikana ila Nairobi. Hapo nilikwenda naye, nikaona anavyonunua. Duka la kwanza aliuliza bei ya kitu asichokihitaji, apate kujua mwenye duka ni mtu wa namna gani. La pili aliuliza bei ya vipande akaondoka. La tatu aliambiwa ni vipya, akavigeuza, akaona miguu ina alama za risasi ya kulehemu, akavirudisha mezani taratibu. "Hivi vimeshaolewa," alimwambia mwenye duka. "Nipe bei ya mjane." Walicheka wote wawili, na bei ikashuka hadi theluthi, kwa sharti kwamba vitapimwa pale pale. Viwili havikufanya kazi vikabadilishwa. Kanuni yake ilikuwa hiyo tu: kitu kilichotumika kina bei yake, na ni bei ya haki, mradi muuzaji akuache ukipime. Asiyekubali kitu chake kipimwe, hata akikupa bure amekupunja.

Transfoma ilitoka kwenye redio kubwa iliyokufa. Vitufe alivitoa kwenye mashine ya kujumlishia ya ofisi moja iliyofungwa. Kasha alilikunja kwa bati la debe la mafuta ya kupikia, na ukiligeuza ulikuwa ukisoma jina la mafuta kwa ndani. Televisheni ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, haina sauti, na kinasa sauti cha kaseti, cha kuhifadhia michezo, kilikuwa changu, wala sikuombwa.

Mchezo wa kwanza niliuandika mimi. Umuro alisoma Kiingereza polepole, na kitabu cha maagizo kilikuwa kinene, kwa hiyo jioni mbili niliketi na Abiba, binti yetu wa miaka kumi na tatu, tukapanga hesabu yake. Nyota kwenye kioo zilikuwa mbuzi. Herufi M zilikuwa mamba. Ulitakiwa kuwavusha mbuzi Ewaso Nyiro bila mmoja kuliwa. Jumamosi ile kibanda kilijaa hadi nje. Mzee mmoja kutoka Merti alipoteza mbuzi wote kumi, akasimama akasema mto huu haufanani na Ewaso Nyiro, kwa sababu huko angalau mamba wanashiba. Hakuna aliyelipa hata senti. Nalisema hilo kwa wanaodai kulikuwa na kamari.

Sasa nifike kwenye uvumi wenyewe. Githinji alikuja kuitazama kama wengine. Aliporudi dukani alichukua karatasi, akaandika kila kipande alichokiona na bei yake, akafika elfu saba na mia nne. Akajiuliza fundi wa kibanda nyuma ya msikiti amezitoa wapi. Kosa lake lilikuwa moja: alihesabu kwa bei za rafu yake mwenyewe. Lakini alilisema jibu lake kwa sauti mbele ya wateja, kwamba kwa mapato ya Umuro mashine ile haijengwi, labda iokotwe. Mtu wa mradi wa maji alikuwepo akinunua balbu. Kufikia Jumatatu askari walikuwa wamekuja kuichukua, na mume wangu na Lowoi wakaitwa kituoni.

Siku hiyo hiyo redio sita zilichukuliwa kibandani na wenyewe bila kutengenezwa. Walizichukua tu. Umuro alikuwa na mikono yake na jina lake, na nilijua kwamba jina likienda, mikono itakaa bure.

Nilikwenda kituoni nikiwa nimevaa nguo zangu za kufundishia. Inspekta alikuwa mgeni, wa kutoka magharibi mwa nchi, mtu wa heshima. Alisoma barua ya mhandisi akasema haitaji kompyuta, inataja jikoni na chumba cha nyuma. Basi alitaka jambo moja jepesi: kila mmoja aseme bei. Mwizi na mpokeaji wa mali ya wizi, alisema, wakiulizwa kila mtu peke yake hawatoi bei moja.

Lowoi alitazama chini. Umuro akasema, "Afande, ile haisemwi."

"Haisemwi hata ukifungwa?"

"Tulishikana mikono."

Inspekta alinigeukia, akasema Mwalimu, nisaidie na mzee huyu. Nakiri kwamba nilikasirika. Neno moja tu lingemtoa pale, na mtu wangu amelifungia mdomo. Kisha nilimtazama Lowoi, aliyekuwa na sababu zaidi ya kuogopa kuliko sisi sote, na yeye pia amenyamaza. Nikafahamu kwamba kama Umuro angeitaja, mnada mzima ungejua kwamba shuka lake lina tundu. Nikamwambia Inspekta, "Afande, kama haisemwi, si inaweza kushikwa?"

Tulimwita Mzee Bile, dalali mkongwe kuliko wote mnadani. Alikuja na shuka lake la kazi, akatoa salamu, akauliza maswali matatu tu. Kitu hicho kikiwa kipya ni bei gani? Kilipouzwa kilikuwa hai au kimekufa? Mnunuzi aliruhusiwa kukipima? Umuro alijibu yote. Mzee Bile alikuwa hajawahi kuona kompyuta, wala hakuomba kuiona. Aliingia na Lowoi chumba cha pembeni, mikono chini ya shuka, mlango ukiwa wazi, askari akiwatazama. Kisha akaingia na Umuro. Alipotoka alilikunja shuka lake vizuri kwanza.

"Mikono miwili, bei moja," alisema. "Na si bei ya mali ya wizi. Mali ya wizi huuzwa kwa haraka, bei yake inakimbia. Hii ni bei ya mnyama aliyevunjika mguu, muuzaji akijua na mnunuzi akijua."

Inspekta alimuuliza kama angependa kuitaja. Mzee Bile alimtazama kama mtu anayetazama mtoto wa mwenzake, akauliza njia ya kutokea iko wapi.

Mashine ilirudishwa mchana huo. Githinji alikuwa amesimama nje ya kituo, na karatasi yake mkononi. Alimfuata Umuro hadi kibandani, wakakaa saa mbili, mstari kwa mstari, Umuro akimwonyesha kila kipande kilitoka wapi. Mwishowe Githinji aliikunja ile karatasi na kusema kwamba alikosea, na alilisema tena dukani kwake kesho yake, mbele ya wateja wale wale. Redio sita zilirudi, na nyingine tatu. Na kapasita zikashuka hadi shilingi nane. Umuro alisema ile moja ya ziada ni ya karatasi.

Mume wangu alifariki mwaka jana kwa figo. Wanaonong'ona waende wakamwulize Githinji, yupo. Wamwulize Lowoi, anauza mbuzi zake kila mnada.

Najua watu watabaki na swali moja, kwa sababu nimeshaulizwa hata na ndugu zangu wa tumbo moja: ilikuwa shilingi ngapi? Siku mbili kabla hajafa, hospitalini, Umuro aliomba nivute shuka lifunike mikono yetu. Akanishika vidole, mshiko mmoja, kisha mwingine. Nilielewa.

Bei ninaijua. Sitaitaja, na sina la kuongeza.