Maji ya Bibi Yalikwenda Wapi

Ndugu msomaji, mwenye gazeti ameniahidi kuficha jina langu, na majina ya wengine nimeyageuza, ndiyo maana nimepata moyo wa kuandika. Mimi ni mwanamke wa miaka kama thelathini na mitatu, Msambaa, Mkristo, naishi Manundu hapa Korogwe. Kusoma nilifundishwa misheni. Nina mume na watoto watatu. Wanaonifahamu huniita mwanamke mwema, na kila nikisikia hivyo natamani ardhi inimeze.

Miaka mitano iliyopita mume wangu alirudi kutoka kambi ya kazi ya reli akiwa na homa. Siku ya tatu vipele vikamtoka mgongoni na miguuni. Ilikuwa ndui. Amri ya boma ilikuwa kwamba mgonjwa apelekwe kambini ng'ambo ya mto, na anayemficha afungwe. Nilimficha. Nilifunga mlango nikawaambia watu amechoka na safari.

Jirani yangu alikuwa Mama Mwanaidi, Mzigua wa Kwaluguru huko Handeni, mjane mwenye binti mmoja, huyo Mwanaidi. Ndiye aliyekuwa akiwaosha maiti wa kike wa Kiislamu mtaani kwetu. Alikuwa na makovu ya ndui usoni tangu utotoni. Alihisi kilichokuwamo ndani, akaingia bila hodi. "Mwenzangu, ungeniita mapema," akasema. "Mimi nilishaugua, hainirudii. Wewe kaa na watoto jikoni, mgonjwa niachie." Alimnywesha uji, akamfuta usaha kwa mikono yake, wala hakumwambia mtu.

Lakini kuna bibi mmoja wa jirani aliyezoea kuja kwangu asubuhi kuomba kaa la moto. Nilimpa kama kawaida, sikuwa na akili ya kumzuia. Bibi yule akaugua, akafa. Mama Mwanaidi akaja kuazima jembe kwangu achimbe ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kumwoshea maiti yasitiririke nje. Nikaenda kumsaidia. Akanicheka: "Ninyi watu wa milimani jembe mnalishika kama mwiko!" Tulichimba hadi magotini. Maji yote yaliingia mle, kisha tukafukia tukashindilia kwa miguu. Niliona kwa macho yangu.

Wakafa wengine wanne. Akida akaita baraza. Mfanyabiashara mmoja akasimama akasema, "Ugonjwa huu unaletwa na Waislamu! Wanaosha maiti wa ndui, maji yanakwenda mtoni tunakoteka. Wakatazwe kuosha, na msikitini wasikusanyike!" Watu wa kanisani kwangu wakamshangilia. Mzee mmoja wetu, mwalimu wa misheni, akajaribu: "Jamani, na sisi hukusanyika Jumapili. Ndui imemuuliza nani dini yake?" Wakamzomea mpaka akaketi. Akida mwenyewe alikuwa Mwislamu, lakini Bwana Mkubwa wa boma alimtisha kuliko sisi sote, na alitaka mtu wa kumpelekea kama mkosaji.

Akauliza, "Jirani wa mwoshaji ni nani?" Wakanisukuma mbele. "Wewe mama, maji ya yule bibi yalikwenda wapi?"

Mama Mwanaidi alikuwa ameketi chini na binti yake, ametulia kabisa, maana alijua nilikuwepo. Mimi nikawaza: nikisema tulichimba pamoja, wataniuliza nilifuata nini kwa maiti wa ndui, watakuja kukagua kwangu, watamkuta mume wangu na magamba mwilini. Nikasema, "Sikuona, bwana."

Mama Mwanaidi alinitazama. Angesema neno moja tu, "Ndui imo nyumbani kwake," mimi ningekwisha. Hakusema. Siku ile ile askari walichoma nyumba yake, wakamvusha mto. Mvua zilikuwa zinanyesha na vibanda vya kambi ni vya majani matupu. Homa ya baridi ikamuua baada ya wiki mbili. Si ndui, jamani, baridi na njaa. Nasikia walimzika na nguo zake alizovaa, bila kuoshwa. Nililia mpaka mume wangu akanikaripia.

Mwanaidi alichukuliwa na mjomba wake Kwaluguru. Mume wangu alipona, na makovu yake tukasema aliyapata huko huko relini. Juzi binti akaja kwangu, amekua, sura ni ya mama yake. "Shikamoo mama," akasema, akaniangukia shingoni. Amepata mchumba hapa Korogwe, lakini wazee wa kijana wanasitasita. Wamesikia kwamba mama yake ndiye aliyeleta ndui, wanaogopa kuoa katika ukoo huo. "Nimewaambia waje kwako," akasema. "Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka hukumsema mama vibaya. Wengine wote walipiga kelele."

Nikamweleza mume wangu kwamba nitasema kweli yote. Akanijibu, "Ukifungua mdomo tutafungwa mimi na wewe. Na kabla ya kufungwa nitakurudisha kwenu Usambara, watoto wangu huwaoni tena." Namfahamu, anachosema hutenda. Nikisema tu kwamba tulichimba ufuo, wazee watauliza ndui ilianzia wapi basi, na mbona sikusema barazani. Nikisema tena sikuona, binti yule haolewi, na mama yake ninamuua mara ya pili.

Ninyi mnaosoma, Wakristo kwa Waislamu, nitukaneni, ni haki yenu, lakini mnipe na shauri. Wazee wanakuja Ijumaa ya mwisho ya mwezi ujao, baada ya sala. Mwanaidi ameomba aje nao, akae karibu nami nitakapokuwa nawajibu. Niwaambie nini?