Kwa Nini Mji Huitwa Bandari

Nakumbuka Ijumaa moja mjini Doha, ndevu zangu zingali nyeusi, tumetoka msikitini na pilau iko jikoni. Wanangu, enzi hizo tukikaa mtaa wa Najma, wanaume watano wa pwani katika chumba kimoja, na kitanda kimoja cha juu kilikuwa hakina mtu. Mlangoni akasimama kijana wa Uganda, Okello, begi mkononi, jasho likimtiririka. Kampuni iliyomleta kufanya kazi ya ulinzi ilikuwa haijampa malazi, na kila alikobisha hodi alikataliwa.

Mwenzetu Salimu, wa Mombasa, alikuwa akimwekea kitanda kile binamu yake, ambaye hata viza hajapata.

"Hiki chumba cha watu wa bandari," akamwambia. "Wewe wa bara, hata kuogelea hujui."

"Kwani nyinyi mlikuja hapa kuogelea?"

Tulicheka, hata Salimu, lakini hakumpisha. Ndipo Mzee Haji wa Tanga, mpishi wa hoteli na mkubwa wetu, akaweka tasbihi chini.

"Salimu, kwenu mnakuita bandari kwa nini?"

"Si meli, Mzee?"

"Meli hutia nanga hata kisiwa kisicho na mtu. Wazee wangu waliuita mji bandari pale mgeni anaposhuka hana jamaa, akapata maji, chakula na pa kulala. Muulize yule Mwajemi anayetuokea mikate. Kwao, ng'ambo ya Ghuba, majina ya miji mingi ya pwani huanza na neno hilo hilo. Mji mzima, si gati peke yake. Na Doha ni bandari. Wewe ulipokewa na nani hapa?"

Salimu alipokewa na Mzee Haji. Akakuna kichwa, akayashusha masanduku yake aliyoyapanga juu ya kitanda kile.

"Haya, mwogeleaji, panda. Ukikoroma nakurudisha kwenu!"

Mzee Haji akampakulia mgeni kwanza. Na tangu hapo, kila Ijumaa alimwamsha mapema awahi ibada kanisani kwake, maana Doha hata makanisa husali Ijumaa, siku ya mapumziko. Alhamdulillahi, nimekaa na wasomi wengi wa dini. Wachache nimewaona ilmu imewafika mikononi kama yule mzee.

Basi wanangu mlioko huko Ghuba sasa, Lusail na Al Mansoura, semeni bandari mkitaja magati na makontena, si kosa. Lakini mkijiita watu wa bandari, mjue mmeahidi jambo: asiye na jamaa mumpishe, mumlishe, mumwonyeshe njia, kabila na dini mtajuana baadaye. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nasi chumbani mle tulipona uchoyo.

Mwenyezi Mungu awajalie kupokewa kila mnaposhuka, na awape kifua cha kumpokea anayeshuka nyuma yenu. Amina.