Misingi ya Barza ya Amida

Ukitaka kumjua Mawazo, mwangalie amelala. Si kitandani, la. Mwangalie kifudifudi, mchana kweupe, pembeni mwa shimo kwenye bustani ya Mzungu fulani wa Élisabethville, shavu limebanwa na majani, bega la kulia limezama udongoni, na vidole vinapapasa huko chini kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka nyuma ya kabati. Vidole vikigusa chini kwa shida, aliinuka, akajipangusa kifua, akasema "mukono," na shimo hilo likapita. Vikigusa upesi, alimrudishia mchimbaji mtaimbo bila neno lolote.

Kazi yake ilikuwa misingi ya vitu vya nje ya nyumba: barza, yale mapaa ya nguzo nne ya kukaa kivulini, vibanda vya magari, na zile fremu za mbao ambazo Wazungu walizipandishia maua wakaziita pergola. Bosi wake, Mwitaliano mmoja mjenzi, alishughulika na kuta na mapaa, mambo ya chini ya ardhi akamwachia Mawazo. Watu hudhani barza ni kazi ya kitoto ukiilinganisha na nyumba. Hao hawajawahi kuona barza ikiruka. Nyumba ni nzito, inajikalia yenyewe. Barza ina miguu minne myembamba na kofia pana, na upepo wa mvua ukishaingia chini ya kofia ile, usishangae ukiikuta kwa jirani.

Halafu kuna udongo wenyewe, ambao una ujanja wake. Ufikapo mwezi wa tisa, kiangazi kimeukausha hadi umepasuka nyufa, na mtaimbo ukiupiga unaruka kana kwamba umepiga reli. Mgeni akiuona ugumu huo atafurahi, atasema nimefika penyewe, nimwage zege. Mvua zikija, ugumu wote unageuka uji. Ardhi ya kweli, isiyojali jua wala mvua, iko chini zaidi, na Mawazo alikuwa ameizoea kwa kiungo chake mwenyewe: bega likizama lote, umeifikia. Wachimbaji wa Mwitaliano hawakuhitaji kuelezwa. Neno lilikuwa mukono, basi, na mukono ulikuwa wa Mawazo.

Sasa fundi huyu wa barza za watu, kwake hakuwa na barza. Nalisema hili bila kumwonea huruma. Aliishi katika cité ya Albert, mtaa wa Waafrika, nyumba ya matofali ya kuchoma, safi ndani na nje, na nyuma ya nyumba hiyo mkewe Amida alipika chini ya bati moja lililofungwa kwa waya, huku ukutani, huku kwenye miti miwili ya mkaratusi. Kila mwaka Mawazo aliahidi kiangazi kijacho. Amida alingoja tangu binti yao Kulthumu akiwa mgongoni, mpaka Kulthumu akakua, akaolewa, akahamia Kasomeno, na bati likawa lile lile na waya ule ule.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zinaaga, upepo uliling'oa bati hilo likaangukia sufuria. Mchuzi ulimwagika ukamuunguza Amida mkono. Mawazo alirudi kutoka kazini akamkuta ameketi, mkono umefungwa kitambaa, jirani yao Angélique akimpepea. Akatazama juu, akatazama chini, akauliza kama bati limepinda.

Asubuhi Amida alikuwa kituoni akingoja treni ya Kambove, kwa kaka yake Kasimu.

Mwanzoni Mawazo alicheka. Aliwaambia wenzake kazini kwamba mke wake amekwenda kupumzika. Kisha Kasimu akaleta ujumbe, na ujumbe haukuwa na mchezo: Amida atakuja kutazama mvua za kwanza zitakapoanza. Akikuta barza ya kupikia, atabaki. Asipoikuta, ataomba talaka, na wazee wa pande zote mbili wameshajulishwa. Mawazo akaacha kucheka. Kusema kweli alikuwa amemkosa Amida tangu siku ya kwanza, ila alikuwa hajui kwamba kule kukasirikia chai, kukasirikia shati na kukasirikia mlango unaolia ndiko kumkosa kwenyewe. Sasa alijua. Alilala katika nyumba ambayo hakuna anayekohoa ila yeye, na aliogopa.

Kiangazi kilikuwa kinaisha na Mwitaliano alikuwa na kazi nyingi upande wa Bel-Air. Mawazo alitoka alfajiri na kurudi magharibi. Akaona atafute mtu wa kumchimbia mashimo mchana. Alimpata Chola, mwenyeji wa huku huku, mwenye mgongo mpana na roho ya upole, ambaye miaka yote alikuwa akiuza vitambaa kwa tajiri mmoja sokoni mpaka tajiri huyo akafunga duka. Mawazo alimwonyesha mahali pa nguzo nne, akamwambia kila shimo liwe mukono mmoja, akakimbilia kazini. Chola akaitikia vizuri kabisa. Neno mukono alilijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule.

Magharibi Mawazo alikuta mashimo manne yamechimbwa, midomo yake imenyooka kama imekatwa kwa kisu. Tena Chola, kwa wema wake, alikuwa amekwisha kutandaza vipande vya matofali chini na kuvishindilia, kazi ambayo hakutumwa. Upande wa Kambove mawingu yalikuwa yameanza kukaa pamoja. Mawazo alisimama juu ya mashimo hayo, amechoka, kifua kimejaa vumbi la bustani za watu ambamo alikuwa amelala kutwa nzima. Hapa ndipo ningetamani kumvuta shati nimwambie: lala, bwana, ni dakika tu. Hakulala. Aliona matofali yamekwisha kupangwa, akamshukuru Chola, akaenda kuswali.

Jumapili walichanganya zege pamoja, simenti, mchanga na kokoto, wakasimamisha nguzo, wakazipima kwa timazi. Zege lilipokauka wakaweka mbao na mabati mapya, wakapiga sakafu, Mawazo akailainisha kwa mwiko mpaka ikang'aa. Watu walipita kuitazama. Angélique alikuja na kiti chake akakaa katikati, akasema Amida akikataa, yeye atahamia.

Kisha mvua ikanyesha, mvua moja tu, ya jioni hadi alfajiri. Asubuhi nguzo ya upande wa barabara ilikuwa imeinama. Haikuwa imeinama sana. Mtu mwingine asingeiona. Mawazo aliiona kabla hajafungua mlango sawasawa. Alichimba kwa mikono kando ya msingi, udongo ukitoka laini kama ugali wa moto, na kabla kiwiko hakijazama vidole vikawa vimepita chini ya zege.

Akamwita Chola. Hakupaza sauti.

"Ba Chola, nilikuambia mukono."

Chola akanyoosha mkono wake, akaweka kidole kwenye kiwiko, akakiteremsha hadi ncha ya kidole cha kati, kama alivyowapimia wanawake vitambaa sokoni maisha yake yote. "Njo huu, Ba Mawazo. Mukono ya kitambala. Kuko ingine?"

Mawazo alitazama kiwiko kile, akatazama bega lake mwenyewe. Angetaka sana kumkasirikia mtu, na mbele yake alisimama mtu asiyekasirikika, aliyepima kila shimo kwa uaminifu wote. Kosa alilijua lilipo. Kwenye bustani za wageni alikuwa analala chini kwa kila shimo, hata la kibanda cha kuku, na kwa mke wake alikuwa amesimama. Alimweleza Chola mukono wake unaanzia begani, wakatazamana, na Chola akasikitika hadi akakaa chini. Nitasema hapa hapa kwamba baadaye Chola aliingia kazi ya Mwitaliano, na wawili hao walifanya kazi pamoja mpaka nywele zao zikawa nyeupe, wakitaniana kwa vipimo.

Lakini asubuhi ile hakukuwa na utani. Kabla ya adhuhuri mtu wa treni alileta habari kwamba Amida na Kasimu wanakuja kesho. Kuvunja misingi minne, kuchimba upya, kumwaga zege na kungoja likauke haikuwa kazi ya kesho. Basi Mawazo akafanya kile ambacho fundi mzuri anaweza kukifanya vizuri kuliko fundi mbaya. Aliivuta nguzo kwa kamba hadi ikasimama, akaibana kwa mawe, akaifunika miguu kwa plasta, na juu ya plasta akapaka chokaa nguzo zote nne zifanane. Kazi ilikuwa safi. Yeye mwenyewe, angepita njiani, angeisifu.

Amida alifika amevaa kitenge kipya, kaka yake nyuma amebeba kikapu. Hakusalimu mtu. Alipita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akasimama. Kisha akaingia chini ya barza polepole, akagusa nguzo moja baada ya nyingine, akainua macho kwenye mabati, akavua viatu ili akanyage sakafu. Alicheka peke yake. Halafu machozi yakamtoka na hakuyafuta.

"Baba Kulthumu," alisema, "leo uliniona na miye."

Wanawake wa mtaa walikuja na Angélique mbele, moto ukawashwa, wali na samaki wa Kasenga vikapikwa, na Kasimu, ambaye alikuwa amekuja na uso wa kesi, akala akalegeza mkanda. Alisema atapanda treni ya jioni akawaambie wazee kwamba maneno yamekwisha, kila mtu arudi kulima. Mawazo alikuwa ameshika tonge lake muda mrefu. Kila kitu alichokuwa amekiomba tangu mwezi wa nne kilikuwa mbele yake, kimekaa, kinacheka.

Amida aliponawa alinyoosha miguu akaegemeza mgongo wake kwenye nguzo. Nguzo ya upande wa barabara. Huko juu upepo ulikuwa umeanza kuyagusagusa mabati, na mawingu yalikuwa mazito kuliko ya juzi. Mawazo alisikia ubao unalia kidogo. Wengine hawakusikia.

"Mama Kulthumu," alisema, "toka pale."

Amida alidhani kuna siafu. Akasogea, akatazama alipokuwa ameketi.

"Hii barza haiko muzuri. Miguu yake iko mufupi. Nguzo ile ilisha kuinama, nikaisimamisha."

Kasimu alicheka, akidhani ni mzaha wa mashemeji. Mawazo hakucheka, basi naye akaacha. Mawazo akaeleza yote mbele ya wote, habari ya kiwiko na bega, bila kumtupia Chola hata kidogo. Amida alimsikiliza hadi mwisho.

"Ulilalaka chini kupima?"

"Hapana."

"Ku Bazungu unalalaka."

"Ninalalaka."

"Na chokaa?"

"Chokaa nilipaka jana. Nilitaka usione."

Hapo Kasimu akasimama. Alisema maneno makali, na sitayarudia kwa sababu alikuwa na haki ya kuyasema. Alisema huyu amekwisha kumdanganya dada yake mara mbili, kwa kutojenga na kwa kujenga, na treni bado iko, avae viatu waondoke. Angélique alitazama chini. Mawazo naye hakuinuka kumzuia mtu.

"Shemeji anasema kweli," alimwambia mkewe. "Ukienda, sina neno. Miye ninakupenda, na nyumba hii ilinishinda bila weye. Lakini hata ukienda, hata ukibakia, chini ya bati hii usikae."

Amida alivaa viatu. Alifunga kitenge chake upya, kwa nguvu, jinsi wanawake wanavyofunga wanapotaka kusafiri. Akaiendea ile nguzo, akaisukuma kwa kiganja kimoja tu, na plasta ikapasuka chini kwa mlio mdogo. Aliisukuma tena, nguzo ikajibu. Akautazama mpasuko ule.

Kisha akageuka, akaanza kuokota sufuria na sahani na kuzipeleka ukutani, mbali na mabati.

"Kasimu," alisema bila kumtazama, "shika ubao upande ule. Bwana yangu hawezi kuteremusha bati yote ye peke yake."

Kasimu alimtazama dada yake, akamtazama shemeji yake, akatazama njia ya kituoni. Alivua koti lake zuri, akamkabidhi Angélique, akapanda juu ya kiti. Mvua iliwakuta hawajateremsha nusu, na wali uliobaki ukaloa.