Mke wangu alizika ng'ombe wa harusi ya mdogo wangu

Wakuu, salamu kutoka Bwera, huku mpakani mwa Uganda na Kongo. Hili niliona kwa macho yangu na sijalitia chumvi.

Mke wangu ni daktari wa mifugo wa serikali. Kazi yake kubwa ni kupima nyama: ikiwa safi anagonga muhuri, ikiwa mbovu inazikwa.

Sasa mdogo wangu akawa anaoa. Mzee wetu akanunua dume kule Kinyamaseke, akalisifia wiki nzima utadhani ndilo linalooa. Likachinjwa nyumbani asubuhi, wageni wakiwa wameshatoka Kasese.

Mke wangu alikuwa likizo, kavaa gomesi yake mpya. Akapita tu kusalimia wachinjaji. Akainama. Akaomba kisu.

Mapafu yalijaa vinundu vya usaha, mpaka ndani ya mbavu. Kifua kikuu cha ng'ombe. Akasema haliwi kitu hapa.

Mzee mori ukampanda, akamgeukia mukamwana wake, yaani mke wa mwanawe.

"Mukamwana, leo uko likizo! Batu beko njiani. Tutapika sana, itaiva."

Mke wangu akapiga magoti, kama tunavyowaheshimu wakwe huku.

"Baba, unisamehe. Macho yangu imeona, haiko likizo."

"Serikali iko Kampala!"

"Hapa serikali iko mimi, Baba."

Yaani anasema hivyo yuko magotini! Wote wakanigeukia. Huyu baba, huyu mke. Nikachukua jembe nikaanza kuchimba.

Nyama ikashushwa shimoni, yeye akaimwagia mafuta ya taa asije mtu akaifukua. Wageni wakala bundu na sombe, yaani ugali wa muhogo na kisamvu. Aibu tuliipata, siwadanganyi.

Mzee hakumsemesha mpaka mavuno ya kahawa.

Juzi kati nimemsindikiza Mzee buchani. Muuzaji anainua kisu, Mzee akamzuia.

"Hii nani alipima?"

"Daktari, Mzee. Yule mama."

"Mama gani? Sema jina yake."

Akalitaja. Mzee akawageukia waliopanga foleni, kifua mbele: "Huyo ni mukamwana yangu! Haya, nipimie kilo mbili."

Wakuu, nilitoka pale natembea kama nimepewa cheo.

Nilichojifunza: wengi serikalini tunajificha nyuma ya "ofisi imesema". Lakini ofisi haina mkono. Anayegonga muhuri ni mtu, ana jina na ana wakwe.

Haya, nyie wenye mihuri: ng'ombe angekuwa wa baba mkwe, mngegonga au mngechimba? Semeni ukweli hapo chini.