Siku Binti Alipokataa Kuwaka

Hina mbichi ina harufu yake, na petroli ina yake. Zikikutana puani mwangu, basi, mimi si mtu mzima tena. Nina miaka tisa, nimesimama uani kwetu Mtawanya, mikono yangu yote miwili imefungwa vitambaa, na mbele yangu kuna gari jekundu lililofunguliwa boneti. Mwezi uliopita yalinitokea tena, gereji, mchana kweupe, viganja vikiwa bado vinanukia hina ya Idi. Nitakufikisha huko. Kwanza nikujulishe yale magari, maana bila hayo utadhani nalilia kitu kidogo.

Kwetu kulikuwa na magari mawili ya spoti. Ndiyo, umesikia vizuri. Majirani walikuwa na baiskeli, na mwenye pikipiki aliamkiwa kwa heshima, lakini sisi tulikuwa na magari mawili ya milango miwili, ya zamani, yaliyokaa chini chini utadhani yanatafuta sarafu iliyoanguka mchangani.

Jekundu lilikuwa la baba. Baba yangu alikuwa Mmakonde wa ng'ambo ya Ruvuma. Alivuka mto akiwa kijana, akajifunza ufundi kwenye shamba la mkonge karibu na Mikindani, na meneja wa shamba lile, siku alipofunga mizigo kurudi kwao Uingereza, alimwachia funguo akamwambia, "Wewe ndiye unayelielewa." Nadhani baba aliyapenda maneno hayo kuliko hata gari lenyewe. Hapa hakuwa na ukoo wala mkorosho hata mmoja wa kurithi. Alikuja kuishi kwa wakwe, kama ilivyo desturi yetu, mwanamume kumfuata mke. Kitu alichoweza kukiita "changu" bila mtu kukohoa kilikuwa kimoja tu, na akakipa jina: Binti.

Jeupe lilikuwa la Mjomba Saidi, kaka yake mama. Na mjomba wa kwetu si yule wa kuleta pipi na kuaga. Watoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yao ni mjomba. Alipomwona shemeji yake ameketi kwenye kiti cha ngozi anakula upepo, usingizi ukamtoka. Msimu mmoja korosho zilipokubali, alikwenda Dar es Salaam, akarudi na la kwake, la Kijapani, lenye pua ndefu na paa la bati. Baba alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akasema, "Shemeji, umejinunulia punda." Wote wakacheka, mjomba naye akacheka, na jina likaganda hapo hapo.

Sasa, kupanda Binti lilikuwa jambo la kujiandaa. Baba alianza kwa kuvua turubai polepole, kama anayemfunua mtoto aliyelala. Alivuta nusu choki ya kuamshia injini baridi, akasikiliza, akairudisha kidogo, akapiga bismillahi. Injini ilikohoa mara mbili, ikatulia, kisha ukaja ule mngurumo wake mnene ulioingilia kwenye nyayo na kupanda hadi tumboni. Usukani ulikuwa wa mbao. Gia ilikuwa fupi kama kidole gumba, na ikiingia mahali pake ilisema "tk", sauti ndogo ya kuridhika. Mimi nilikaa nyuma ya viti, mahali ambapo kwa kweli hapakuwa kiti, nimekunja miguu. Paa la turubai likikunjwa, mbingu yote ilikuwa yetu. Tukishika barabara ya Mikindani minazi ilipita juu ya uso wangu, kivuli, jua, kivuli, jua, na harufu ya bahari, ya ngozi ya zamani na ya petroli ikichanganyika, hata nikawa sijui kama niko macho au nimelala. Baba hakukimbiza. Gari la mbio, na yeye analiendesha kama aliyepakia mayai! Kila kokoto ulilijua kwa jina. Mvua ikinyesha tulilowa sote, na kwenye mchanga mzito Binti alikuwa hapiti, kwa hiyo alitoka Ijumaa tu. Siku nyingine zote baba alikuwa chini yake, mgongo kwenye mkeka, anakata gasketi kwa karatasi ngumu maana spea zake hazikuwepo Mtwara wala Dar.

Punda, wee acha. Ufunguo mara moja, limewaka, tunaondoka. Mjomba aliendesha kwa mkono mmoja, mwingine unaning'inia nje, redio inaimba, na nyuma pamejaa magunia ya korosho kutoka shambani kwake Mpapura. Nimewahi kukaa humo na mihogo. Nimewahi kukaa humo na mbuzi. Mlango wa kushoto ulifungwa kwa kamba, kiti kilikuwa kimetoboka springi kikawekewa mto wa mama, na ndani palinuka samaki mkavu mwaka mzima. Lakini lilikuwa jepesi, laini, ungedhani umelala kwenye mkeka mtu anauvuta. Mchanga lililipita huku linacheza. Mjomba hakuwahi kufungua boneti ila kutia maji, na baba alipomsema alijibu, "Mguu wako unaufunika turubai, shemeji? Gari ni mguu."

Wakikutana njiani, mjomba alimpita baba kwa honi ndefu, akamwachia vumbi. Nitasema kweli leo, ingawa ningesema wakati ule ningelala bila kula: Punda lilikuwa na nguvu zaidi. Ukiniambia niende mahali nifike, ningepanda Punda. Ukiniambia nisifike popote, nizunguke tu mpaka jua lichwe, ningepanda Binti. Na jambo moja zaidi ulishike. Katika utoto wangu wote sikuwahi kumwona Binti akikataa kuwaka, isipokuwa siku moja.

Siku hiyo ilikuwa ya harusi ya dada yangu Salma, aliyekuwa anaolewa Mikindani. Tangu Salma ana miaka sita baba alikuwa amemwahidi kwamba atatoka nyumbani na Binti, paa limekunjwa, mtaa mzima unaona. Mimi niliahidiwa pale pangu nyuma ya viti. Wiki nzima baba aling'arisha vile vyuma vyeupe mpaka nikawa najiangalia meno.

Asubuhi ya harusi akaja Mjomba Saidi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisimama uani akamwambia mama, mbele ya watu wanaomenya viazi, "Mtoto wa dada yangu hatoki nyumbani kwetu kwa gari la mtu wa kuja. Likiwa jekundu, mlangoni hamtanikuta. Na wewe usinifuate tena." Akaondoka. Ni lazima ujue kwamba kwetu bibi harusi havuki kizingiti mpaka mjomba amshike mkono na kusema neno la kumruhusu. Asipokuja mjomba, huyo binti ametoroka, hajaolewa. Na mama akiachwa na kaka yake, ameachwa na ukoo.

Salma alisikia kutoka ndani. Akasema kwa sauti, hina miguuni na yote, "Mimi natoka na baba yangu, au sitoki!" Mama wadogo wakamfunga mdomo kwa khanga. Mama alirudi jikoni. Nilimfuata nikamkuta anakoroga sufuria ya pilau, machozi yanamtiririka, ananiambia ni moshi. Moshi ulikuwa unaelekea upande mwingine. Nilipogeuka, nikamwona baba amesimama karibu na ukuta wa makuti, naye anamtazama mama. Alikwenda kwa Binti, akafungua boneti, akainama kitambo.

Sisi watoto tulikuwa tunapakwa hina ile ya kufumba, unawekewa donge kiganjani, unafunga ngumi, unafungwa kitambaa mpaka jioni. Mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshafungwa, wa kushoto una donge tu, baba akaniita. "Mwanaidi, njoo." Vidole vyake vilinuka petroli. Akanishindilia kitu kidogo ndani ya hina, kigumu, cha rangi ya kahawia, nikakihisi kinagusa ngozi. Akafunga vidole vyangu kimoja kimoja, akazungusha kitambaa mwenyewe, akakaza fundo.

"Nishikie hicho. Usifungue, hata nikikuomba mimi."

"Hata ukiniomba wewe?"

"Mimi hasa," akasema.

Nilidhani ni hirizi ya harusi. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Baada ya alasiri ngoma zikapamba moto. Salma akaletwa mpaka mlangoni, amefunikwa, vigelegele vinapasua masikio. Baba, katika kanzu nyeupe, aliketi nyuma ya usukani, akavuta choki, akasikiliza, akapiga bismillahi, akazungusha ufunguo. Nga-nga-nga-nga. Akajaribu tena. Nga-nga-nga. Injini ilizunguka, moto haushiki. Vijana wakajitolea kusukuma, wakamsukuma Binti mpaka kwenye kona na kurudi, mavazi ya harusi yamelowa jasho. Mimi nilikuwa naruka ruka pembeni na ngumi zangu mbili, siwezi kushika chochote, naomba Mungu. Fundi mmoja alitaka kuinama kwenye boneti, baba akamzuia: "Huyu namjua mimi."

Pale kwenye kona, chini ya kivuli cha nyumba ya jirani, tukaliona Punda. Mjomba alikuwa amekuja kumbe, ameshindwa kukaa kwake, amejificha na injini inaunguruma. Baba alijifuta mikono, akatembea mchangani mbele ya watu wote, akasimama dirishani.

"Shemeji," akasema, na kila mtu alisikia, "Binti kanitia aibu. Naomba Punda limpeleke mtoto wetu."

Mjomba akashuka taratibu, akaja mlangoni, akamshika Salma mkono, akasema neno lake. Sauti ilimkatika katikati, nakumbuka. Mama akapiga kigelegele ambacho sijawahi kukisikia tena kwa mtu yeyote. Salma alikuwa analia, na mimi nilijua ni hasira. Akaingizwa Punda, kwenye ule mto wa mama, mlango ukafungwa kwa kamba, wakaenda, na lori la wasindikizaji likawafuata. Nilikataa kupanda lori. Nilibaki.

Uani pakawa kimya, sufuria tu na nzi. Baba akaniita akafungua fundo. Alitoa kile kitu, akakisugua kwa kitambaa chenye petroli, akanifuta na mimi kiganja. Hina ilikuwa imeshika, nyekundu iliyokolea, isipokuwa katikati, pale kitu kilipolala. Hapo palibaki weupe wa ngozi, alama kama kishoka kidogo.

"Ahsante kwa kunishikia," akasema.

Nikamjibu, na Mungu anisamehe, "Gari lako bovu. Bora la mjomba."

Baba alitazama barabara waliyoondokea. "Leo ndiyo, mwanangu," akasema. "Leo bora la mjomba."

Kesho yake asubuhi niliamshwa na mngurumo. Binti aliwaka mara ya kwanza, bila hata kukohoa. Nilimchukia gari yule! Nilikaa mwaka mzima sipandi. Ile alama mkononi ilififia pamoja na hina, ikaisha kabla ya mwezi kwisha. Salma hakumsamehe Binti, na kila akija kutoka Mikindani alimtania baba kwa utani wenye miba. Mjomba Saidi ndiye aliyenenepa kwa hadithi hiyo. Kila harusi, kila msiba, lazima aulize, "Shemeji, vipi yule binti aliyekukimbia?" na baba anacheka na kutikisa kichwa, miaka yote hiyo, mpaka tulipomzika. Mama aliishi na kaka yake vizuri mpaka mwisho. Mimi nililiona hilo kuwa jambo la kawaida tu.

Mwezi uliopita, basi, pikapu yangu kuukuu ilizima njiani, nikaivutisha gereji. Kijana wa pale alifungua kikombe cheusi kinachogawa moto kwenye plagi, akachomoa kitu. "Shika, mama, nisije nikakipoteza," akasema, akaniwekea kiganjani.

Kidogo, kigumu, cha kahawia. Kishoka.

Nilifumba ngumi bila kujijua. Nikamuuliza ni nini hiki. Akasema ni rota. Nikamuuliza, mtu akiitoa hii je? Akacheka. "Haliwaki, mama. Hata ulisukume mpaka Nanyamba."

Nilikaa chini pale pale, kwenye tairi, nikalia mbele ya vijana wa watu. Alikuwa amemzima Binti mwenyewe, ili pasiwe na mtu wa kuchagua. Asichague mama, asichague Salma, mjomba asishinde wala asishindwe. Lawama zote zibaki kwenye gari. Na lile la "Mimi hasa" ndilo lililonivunja. Hakujiamini. Alijua Salma akitokea mlangoni amefunikwa, vigelegele vikipigwa, mkono wake ungekwenda wenyewe kuirudisha. Ndiyo maana aliifungia kwa mtoto asiyeweza kufungua mkono wake mwenyewe. Nami nikamwambia gari lako bovu.

Sikuweza kusubiri. Pikapu ilipowaka nilikwenda moja kwa moja Mikindani, nikamkuta Salma anachambua mchele barazani, nikamsimulia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kunikatiza. Mikono yake iliacha kuchambua. Halafu akaniuliza, "Mkono gani?"

Nikamwambia wa kushoto. Akaweka ungo pembeni, akanivuta nikae, akauchukua mkono wangu wa kushoto na kuufungua, kidole kimoja kimoja, akautazama.